Miti Haimo Kwenye Mirathi

Bibi yangu,

Mwalimu wa Kurani chuoni alitufundisha kwamba ukipita makaburini uwatolee salamu waliomo, kwa kuwa wanasikia hata kama hawajibu. Nami nakutolea yangu kwa kalamu. Assalaam alaykum, Bibi. Ni mimi Raya, mke mwenzako, kama ulivyozoea kuniita ukitaka kunichokoza.

Nimekaa dirishani hapa nyumbani, Mji Mkongwe. Nimetoka skuli sasa hivi na hata sare sijavua. Mvua za vuli zimeanza. Zamani nikisikia mvua juu ya mabati nilifurahi, maana nilijua ukiniona Jumamosi utaniambia nikachume mboga ya maboga. Sasa kila inaponyesha natulia na kusikiliza, kisha naanza kuufikiria udongo wa shamba lako. Unateremka? Unakwenda wapi? Mama ananiambia nimekuwa kama mtu mzima mwenye madeni.

Bibi, shamba limebadilika. Sijui nikuelezeje bila ya kukuumiza, lakini nani mwengine nimwambie?

Ulipofariki tulisoma khitma, na arubaini ilipopita baba na Ami Suleiman waligawana ardhi ile ya eka tatu aliyopewa babu. Kwa kuwa baba ana duka lake huku mjini, alimwachia kaka yake ayalime mafungu yote mawili, lake na la baba. Ami akaufyeka upande wa chini. Migomba, midalasini, mibungo, yote. Wa kwanza kuuangusha ulikuwa mdoriani wake mwenyewe. Akasema anaanza na wake ili mtu asije akasema anamwonea mwenziwe. Halafu akapanda nyanya na matikiti.

Sitaki kumsema vibaya Ami. Mavuno ya mwanzo yalikuwa mazuri, Bibi. Nyanya zilikuwa nyekundu na ngumu, wachuuzi wa Mwanakwerekwe walizifuata hadi shamba. Aliezeka upya nyumba yako, ile sehemu ya jikoni iliyokuwa ikivuja ukaweka sufuria. Mwanawe Nassor alipata viatu vya skuli. Nilipomuuliza kwa nini lazima akate miti, alinijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, miti ya mama inalisha ndege. Nyanya zinalisha watoto." Ni kweli watoto wanakula.

Lakini msimu uliofuata nyanya zilikuja ndogo, na wadudu wakaja wengi. Akapiga dawa. Wakaja zaidi, akapiga zaidi. Udongo ule uliokuwa ukiingiza mkono mpaka kiwiko kutafuta viazi, sasa jembe linagonga juu kama linagonga sakafu. Unakumbuka yule ndege chozi aliyekuwa akija kwenye maua ya migomba, ukaniambia nisiseme kwa sauti kwa sababu yule ni mgeni wa asubuhi? Simwoni tena. Nyuki nao wamepungua. Maboga yako yaliyobaki pembeni ya uwa yanatoa maua mengi, manjano, mazuri, halafu yanaanguka yote. Hayashiki tunda. Nilikaa pale nikayaangalia, nikatamani kulia kwa ajili ya maua ya maboga, jambo ambalo ningemweleza mtu angenicheka.

Mwalimu wetu wa bayolojia alitutaka tuje na udongo wa nyumbani. Sisi wa Mji Mkongwe nyumbani kwetu ni mawe na chokaa, basi mimi nikaleta wa kwako. Nilichota chini ya mshokishoki wangu, na nikachota kwenye nyanya za Ami. Tukakata chupa za maji, tukatia udongo, tukamimina maji juu. Yale ya chini ya mti yaliingia taratibu, yakatoka chini yakiwa meupe, karibu ya kunyweka. Yale ya kwenye nyanya yalikaa juu, hayajui pa kupita, halafu yakabubujika yote pamoja na udongo, mekundu. Wenzangu wakacheka, wakasema Raya katuletea chai ya rangi. Mwalimu hakucheka. Alivunja bonge la udongo wa mti, akatuonyesha nyungunyungu na mizizi midogo kama nywele, akasema, "Huu una wakaazi. Ndio wanaofungua milango maji yakaingia. Huu mwengine wakaazi wamehama."

Tokea siku ile neno hilo haliniondoki. Wamehama.

Na kisima, Bibi. Wewe ulikataza hata kuosha miguu karibu nacho. "Kisimani hapaoshwi kitu, panachotwa tu." Nassor akimaliza kupiga dawa anaosha bomba pale pale penye ukingo, maji yanazunguka na kurudi chini. Nilimwambia, akanijibu, "Wee mtoto wa mjini, maji ya kisima yako chini huko, dawa iko juu huku." Na wakati ule dada Asya, bintiye Ami, alikuwa amerudi kwa mama yake kungojea uzazi wake wa kwanza. Alikuwa akichota maji yale, anakunywa, na tumbo lake lile. Sijui kama yalimdhuru. Hakuna aliyeyapima. Ndiyo hiyo inayonitia hofu, kwamba hakuna anayejua na kila mtu anakunywa.

Sasa nikwambie lililotokea kabla ya mvua.

Ami alituita shamba siku ya Ijumaa, baada ya sala. Tukakaa barazani kwako. Akasema anataka kufyeka na upande wa juu, wote, apande matikiti kabla ya vuli kushika, maana upande wa chini umechoka. Fundi wa msumeno wa moto alikuwa ameshaagizwa aje kesho yake. Baba akaitikia tu. Wanaume wakaanza kuzungumza juu ya magogo, nani atachukua kuni, nani mbao. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na sinia la kahawa, nikiangalia upande wa juu. Mshokishoki wangu ulikuwa pale.

Unajua, Bibi, nilichokumbuka? Nilikumbuka siku uliyonikabidhi mti. Nilikuwa mdogo, lakini mama amenisimulia mara nyingi hadi nimekuwa kama naiona. Ulikizika kitovu changu ukapanda mche juu yake. Mti ulipozaa mara ya kwanza hukumruhusu mtu kugusa. Ukawaita majirani, ukaninyanyua nikachuma kwa mkono wangu, ukasema mbele yao, "Mti huu nimempa Raya. Aliyekula ni shahidi." Wakala wote. Ndivyo ulivyomfanyia kila mtoto na kila mjukuu. Upande wa juu wote ni sisi.

Nikaomba ruhusa ya kusema. Sauti ilitoka ndogo. Nikasema, "Ami, ardhi mmegawana. Miti mmemuuliza nani?"

Ami akatabasamu. "Miti haijui kusema, mwanangu."

"Wenyewe tunajua," nikasema. "Bibi alitupa akiwa hai. Miti haimo kwenye mirathi."

Nilidhani baba atanikemea. Lakini sauti ikatoka uwani, kwa jirani yako Bi Mwanakhamis, aliyekuwa kwenye mbuzi anakuna nazi wala hakuacha kukuna. Unamjua.

"Mie nilikula," akasema. "Shokishoki za Raya nilikula, tamu. Fenesi la Nassor nilikula hadi tumbo likaniuma, marehemu mama yenu Bi Time akanipa tangawizi. Na doriani lako wewe Suleiman nilikula hujaota hata ndevu. Ulilia, ulitaka ulile peke yako."

Watu wakacheka, hata baba. Kisha Bi Mwanakhamis akaongeza, taratibu, "Lile hatutalila tena."

Ami hakucheka. Aliangalia chini kwenye nyanya zake, pale ulipokuwa mdoriani, akaangalia kwa muda mrefu. Baba akakohoa, akasema kwamba kitu kilichotolewa na kikapokewa mbele ya mashahidi ni cha aliyepewa, na kwamba hata yeye alikuwa amesahau. Akasema kila mwenye mti aulizwe.

Basi tukaulizwa, mmoja mmoja, hata wadogo. Bibi, usifikiri kila mtu alijibu kama ninavyotaka. Nassor alisema, "Mimi wangu ukateni. Mimi nataka simu." Na ulikuwa wake, hatukuweza kumkataza. Kesho yake fundi alikuja na akauangusha mfenesi ule mmoja. Ulipoanguka komba wawili walikimbia mchana kweupe, wameduwaa, wakaingia kwenye mshokishoki wangu. Mpaka leo palipokuwa na mfenesi pana shimo la jua, na majani yaliyozoea kivuli chini yake yameungua. Kumbe haki yangu na haki ya Nassor ni moja. Hilo sikuwa nimelifikiria nilipofungua mdomo. Nikifikiri kwamba siku moja kila mmoja wetu atataka simu, usingizi unakatika.

Ami alikaa siku nyingi hasemi nami. Nilikwenda shamba nikimsalimia, "Shikamoo Ami," ananijibu marahaba huku anafunga kamba. Nilijua amekasirika. Nilijua pia kwamba upande wa chini umechoka kweli na ana watu wa kulisha, na mimi nimemfungia mlango bila ya kumfungulia mwengine.

Halafu Asya akajifungua salama, mtoto wa kike. Alhamdulillahi. Kitovu kilipoanguka nilikuwepo, ilikuwa Jumamosi. Ami akatoka ndani na kitambaa kidogo mkononi, kitovu kimefungwa ndani yake. Akasimama mbele yangu kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

"Raya. Chini ya mti wako hakuna miche?"

Nikamwambia ipo, imejiotea yenyewe.

"Mama alikuwa akianzaje?"

Alikuwa mtoto wako, Bibi, na alikuwa akiniuliza mimi. Nikamwambia ulikuwa unachimba shimo pana kuliko mti unavyohitaji, unajaza majani makavu, na udongo wa chini ya mti mkubwa, pakacha zima, "ili uende na jamaa zake." Tukaenda tukachota. Nilidhani atapanda upande wa juu, penye kivuli. Alishuka. Alipita katikati ya matuta ya nyanya, akasimama pale ulipokuwa mdoriani wake, akaanza kuchimba. Jembe liligonga. Akachimba muda mrefu, jasho linamtoka, hakukubali nimsaidie.

Tulipomaliza akasema hatopiga dawa karibu na pale. Nikamuuliza karibu ni mpaka wapi. Akazunguka mche huku anaburuta kisigino kwenye udongo, duara, kisha akasita, akalichora tena kubwa zaidi.

Mara tukamwona Nassor kisimani na bomba. Ami akapaza sauti, "We Nassor! Kaoshee huko!" Nassor akabeba bomba akaenda huko. Nilifurahi, kisha nikajiuliza huko ni wapi. Huko ni bondeni, Bibi, kwenye mipunga ya watu.

Kwa hiyo usije ukadhani mambo yameshatengemaa. Nyanya zipo. Dawa ipo. Duara la Ami ni la kisigino, na mvua hii huenda imeshalifuta. Mche ni mwembamba kama penseli na umezungukwa na udongo ambao wakaazi wake wamehama. Sijui kama watarudi. Mwalimu anasema hurudi wakipata majani na kivuli, lakini hurudi polepole, wala hawapigi hodi. Nimemwomba anisaidie tuyapeleke maji ya kisima yakapimwe. Amesema tutajaribu.

Jumamosi nitakwenda na gunia la majani kutoka chini ya mti wangu, niuvike mche, na nitalichora tena duara. Kila Jumamosi nitalichora, na kila nikiweza nitalisogeza nje kidogo. Nassor nitamchukua mpaka bondeni nimwonyeshe mipunga, nisimwambie neno.

Na hili nakuahidi, Bibi. Mti huo ukizaa sitamruhusu mtu kugusa. Nitawaita majirani. Nitamnyanyua mtoto achume kwa mkono wake, niseme kwa sauti kubwa kuliko ile ya barazani. Bi Mwanakhamis nimeshamwarifu. Kanijibu, "Nitangoja, meno yakibaki."

Lala salama, mke mwenzangu. Mwenyezi Mungu akulaze pahala pema. Mvua imepungua sasa, na mimi bado nasikiliza.

Nilisahau kukwambia jina la mtoto. Ni Time.

Mjukuu wako,
Raya