Msumeno wa Marehemu Uliorudi Bila Sura Yake

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limo kwenye jalada, mtaani naitwa Mwalimu Plagi
Umri: Miaka 71
Kazi: Mwalimu mstaafu wa ufundi; sasa fundi wa misumeno ya mnyororo ya zamani
Makazi: Nyuma ya karakana, karibu na soko la mbao
Uhusiano na mtuhumiwa: Kaka yake, mama mmoja

Naeleza kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu, ingawa afande amekwisha kuniambia nifupishe.

Mnamo tarehe 4 Juni, saa tatu asubuhi, alifika karakanani mlalamikaji, mama mwenye duka la mbao. Alileta msumeno wa mnyororo wa marehemu baba yake, aliyekuwa mpasua mbao. Ni wa zamani, mzito, umetengenezwa kabla afande huyu hajazaliwa. Bamba la namba ya kiwandani lilishang'oka. Rangi ya manjano ilibaki viraka viraka, na kishikio kilizungushiwa utepe wa tyubu ya baiskeli, alioufunga marehemu kwa mkono wake. Mama akaniambia, "Mwalimu, nataka uwake tu. Usiniletee urembo."

Nilimwelewa. Nikamwambia mdogo wangu, maana macho yangu siku hizi hayafai kwa kazi ndogo ndogo: "Safisha kabureta, badilisha plagi na mpira wa mafuta, basi. Kwingine usiguse." Akajibu, "Sawa kaka, nimesikia." Kusikia alisikia.

Kesho yake nilisafiri kumwona binti yangu aliyejifungua. Niliporudi tarehe 13 Juni, mchana, niliukuta msumeno juu ya meza, mwekundu, unang'aa kama umetoka dukani.

Hapa lazima nieleze, maana kesi yote iko hapa. Mdogo wangu hakuiba. Alinogewa. Ukiufungua msumeno wa zamani unaona tundu la moshi ni dogo. Ukilipanua, injini inapumua. Ikipumua inataka mafuta zaidi, kwa hiyo unabadilisha kabureta. Ikishapata mafuta, silinda ya zamani unaiona haifai tena. Kila hatua ina sababu yake nzuri, na mwisho wake ni huu wa kukaa kituo cha polisi.

Nilimuuliza, "Nani alikutuma?"

"Kaka, sikiliza kwanza unavyonguruma!"

Nilisikiliza. Unanguruma vizuri sana, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Kabla sijamaliza kumfokea, mlalamikaji akaingia. Akaangalia meza yote, akauliza, "Wangu uko wapi?"

"Ndio huu, dada. Nimeuogesha tu."

"Umeuogesha au umeuzika? Huu si wa baba. Ule mmeuuza, mkanibambikia huu!"

Fundi viatu, jirani yetu, akadakia kutoka nje: "Mama, shukuru, wengine hurudishiwa boksi tupu!" Hakutusaidia hata kidogo. Saa kumi jioni askari walimchukua mdogo wangu pamoja na msumeno.

Afande ananiuliza: huu ndio msumeno uleule, ndiyo au hapana? Nimejaribu kumweleza. Bodi, tangi na kishikio ni vyake. Silinda, pistoni, kabureta na bomba la moshi vimetoka kwenye misumeno mingine mibovu. Alama ambazo mama yule angezitambua zimepigwa msasa, na ule utepe wa tyubu umetupwa. Afande amesema maelezo haya ni marefu mno. Nimemwambia ndiyo maana yanaitwa maelezo.

Basi aandike: ndiyo, ni uleule. Aandike pia kwamba mama yule hasemi uongo.

Vipuri vya zamani vipo karakanani, vimechanganyika na chuma kingine tele. Anayejua kipi kilitoka wapi ni mdogo wangu peke yake. Nimeomba aachiwe akaurudishe msumeno ulivyokuwa. Nimejibiwa kwamba msumeno ni kielelezo, hauguswi. Nimeomba nipewe mimi. Jibu ni lilelile. Nimeomba basi imwagwe petroli iliyomo, maana itaharibu kabureta. Nimeambiwa niketi. Sasa msumeno umefungiwa chumba hiki, fundi wake kafungiwa chumba cha pili, na katikati kuna ukuta mmoja.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, na nayatia sahihi, ingawa nilikuwa na mengine.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya askari: Shahidi amesomewa maelezo yake na kuyakubali, baada ya kusahihisha nukta mbili. Mlalamikaji, aliyekuwa benchi la nje akisikia yote, amemuuliza mbele yangu: "Mwalimu, vikirudishwa vile vya zamani, utawaka?" Shahidi akajibu: "Utawaka, mama, lakini kwa shida, na moshi mwingi." Mlalamikaji akasema: "Hivyo hivyo ndivyo ninavyoutaka." Ameomba mtuhumiwa atolewe aende karakanani pamoja naye na kielelezo. Nimepeleka ombi kwa mkuu wa kituo. Petroli imemwagwa.