Shairi la Siku ya Kunyoa

Jumanne, 7 Agosti 1951. Bokoli.
Tumemzika binamu yangu Walubengo. Mvua. Ofisi yangu ya Kitale imenipa ruhusa hadi Jumamosi. Wabwile, kaka yake mkubwa, alinishika mkono pale kaburini: wewe ndiye mtunzi, utatusomea shairi Ijumaa, siku ya kunyoa. Nikakubali. Siku hiyo wafiwa hunyolewa, na wazee huuliza mbele ya watu marehemu amekufa vipi.

Jumatano, 8 Agosti.
Beti tatu. Niliandika "mkulima mkali", nikafuta, nikaweka "hodari". Mkali wangecheka — alikuwa mkali kwa pombe ya busaa tu! Jioni Wabwile akasoma. Mstari wa mwisho anautaka hivi: Alituacha ghafula. Ati unapendeza masikioni.

Alhamisi, 9 Agosti.
Sasa naelewa. Nasambu, mjane, alinifuata kisimani. "Shemeji, ukisema ghafula umesema nilimtilia kitu chakulani. Watanifukuza, watoto wabaki."

Si ghafula hata kidogo! Pasaka nilimkuta Walubengo anatema damu. Nasambu alimwomba Wabwile gari lake la ng'ombe ampeleke mgonjwa hospitali. Ng'ombe wanalima, akajibiwa. Tena na tena.

Nimeandika: Alizima polepole. Mizani nane, haina kasoro. Ila polepole nayo inashtaki — ndugu waliomtazama akiisha. Nilijaribu kutosema vipi: Katuacha Walubengo. Haifai. Pengo hilo Wabwile atalijaza mwenyewe.

Ijumaa, 10 Agosti.
Naandika nyuma ya ghala la mahindi, haraka.

Nilisoma "Alizima polepole". Wabwile akasema, rudia huo mstari. Nikarudia. "Wewe unakaa Kitale na wazungu. Umejuaje ni polepole?" Nikasema nilimwona Pasaka. "Na ulimpeleka hospitali wewe?" Watu wakacheka. Nikaikunja karatasi.

Wazee wamesimamisha kikao, ati mtunzi aangalie karatasi yake vizuri. Nasambu amekalishwa peke yake kwenye jiwe, kichwa kimenyolewa, kina damu sikioni. Mtoto mdogo alimkimbilia, shangazi akamrudisha.

Festus, jirani wa hapa, amenifuata. "Bana, si ni neno moja tu? Badilisha, twende tukule."

Nimeshalikata neno "polepole". Juu yake bado sijaandika kitu.

Wabwile anaita jina langu. Kwa upole sana.