Kijiti changu cha wanja, na lawama aliyobebeshwa Ziada

Shangazi Antonia, shikamoo. Nakuandikia kutoka Sudi, sikai nikatulia, nainuka, nachungulia uani, narudi, naomba unisaidie kabla sijarukwa na akili. Mimi ni mpambaji wa maharusi, kazi niliyoachiwa na marehemu mama pamoja na kichupa chake cha wanja wa manga na kijiti cha kupakia, na wiki mbili zilizopita niliitwa kumpamba Mwanaasha, binti wa Mzee Fakihi, na asubuhi hiyo jicho langu moja liliamka limegandana kwa tongotongo, nikajipaka wanja nikiamini ni dawa kama mama alivyokuwa akisema, kisha kwa kijiti kilekile nikampaka bibi harusi, na dada zake watatu, na shangazi yake, maana kwetu kila aliyekaa mkeka wa bibi harusi hupakwa naye kwa baraka. Kesho yake wote watano macho mekundu, yamevimba, hayafunguki.

Aliyebaki mzima ni Ziada, mke mdogo wa Fakihi, ambaye hawakumkaribisha mkekani, alishinda jikoni, basi wakasema ndiye mwenye husda, na Fakihi amemrudisha kwao na anasema talaka itafuata. Wakaniuliza na mimi niliyekuwepo, nikajibu, "Mungu ndiye ajuaye." Jicho moja la Mwanaasha mpaka leo halijapona, wanamtia maziwa ya mama anayenyonyesha, na mimi Ijumaa nina harusi nyingine. Nikisema ukweli, nani ataniita tena?

Mpambaji, Sudi (majina yote yamebadilishwa)

Marahaba, mwanangu. Pole kwa jicho. Kwa hilo la Ziada sikupi pole, maana ulipoulizwa jibu ulikuwa nalo, ukamsukumia Mungu.

Maradhi haya ya macho hupita kwenye tongotongo: kijiti, leso, taulo, foronya, hata mkono uliofikicha jicho kisha ukamshika mwenzio. Ziada alisalimika kwa sababu hakuguswa na kijiti chako. Mlimtenga, kutengwa kukamkinga, kisha mkamhukumu kwa kuwa mzima.

Sasa sikiliza. Mwanaasha apelekwe hospitali leo, jicho la wiki mbili si la kusubiri, na hayo maziwa wayaache. Wanja wote uliomo kichupani mwaga chooni, na usinililie kwamba ni urithi. Mama alikuachia kazi, usaha umeutia wewe. Harusi ya Ijumaa mwachie mwingine mpaka upone. Ukirudi kazini, nawa kwa sabuni, na kila mtu awe na wanja wake na kijiti chake, hata kama ni ndugu.

Kwa Fakihi nenda mwenyewe, usitume ujumbe wa simu. Waombe wakae wote waliomnyooshea Ziada kidole, useme mbele yao kama ulivyoniandikia mimi. Wateja utapoteza, sikufichi, na wengine watakusema. Lakini talaka bado haijaandikwa, na ikishaandikwa mimi sitakuwa na la kukushauri. Weka gazeti chini, vaa baibui, uende.