Wigi la wifi lipo kwa Popi

Ave, uko hapo? Wifi Deodata amemnyoa Popi.

Amemnyoa kipara. Mbwa wangu wa teria, ninayemchana nywele kila asubuhi.

Nimerudi sokoni nimemkuta anatetemeka uvunguni, manyoya yote yako kwenye beseni. Namuuliza wifi, ananijibu huku anatafuna: "Nywele zinafuga viroboto."

Zinafuga viroboto! Mbwa namwogesha kila Jumamosi kwa dawa ya bwana mifugo.

Nikaenda kumtafutia Popi kitu cha kujifunika.

Sasa hivi amepindua nyumba nzima anatafuta wigi lake la kwenda nalo harusini Bisibo. Nimemwambia lipo kwa Popi, amelilalia, ndiyo maana ameacha kutetemeka.

Amepiga yowe Ave, majirani wametoka nje.

Nikamwambia taratibu: "Nywele zinafuga viroboto, wifi." Na ule mkasi aliomnyolea Popi nimemwekea mezani, kama anataka kumalizia na zilizobaki kichwani kwake.