Mlango wa Jikoni

Matisi, Kitale
3 Februari 2024

Mama mpendwa,

Sasa hivi tu Wamboi amechukua kandambili ya baba yake, akaitia kwa sufuria ya maharagwe, akafunika, akakaa chini kungoja iive. Nimeitoa ikiwa imeanza kunuka. Nilicheka, halafu nikaona vile mkono wake ulipita karibu na moto, kicheko kikaisha.

Nikusalimu sasa. Sisi ni wazima. Kabiru bado anarudi kutoka kinuni na unga mpaka kwa nyusi, lakini kikohozi kimepungua. Wewe je? Goti? Sikio? Ng'ombe ameshazaa?

Naandika kwa sababu kwa simu wewe husikii vizuri, napaza sauti, na ukuta wa hapa ni tofali moja tu. Nikimaliza kuongea na wewe, Waithera wa mlango wa pili ananiuliza, "Kwa hivyo mama amesema nini?"

Mama, tunaongeza jiko. Unajua hizi nyumba tano za marehemu mzee Ngige zimeshikana zote chini ya paa moja la mabati, na kila kijana wake alipewa moja. Yetu ni ya mwisho, kwa hivyo nyuma tuko na nafasi kidogo kabla ya mahindi ya watu. Chumba kidogo tu. Jiko litoke hapa penye kitanda na pazia, mtoto apone.

Lakini sababu yangu kubwa ni wewe. Mwaka jana ulipokuja ulikaa nje kwa kile kiti cha plastiki, mvua ikanyesha, ukajifunika leso ukakataa kuingia, kwa sababu ukiingia kwetu macho yanaangukia kitanda cha mkwe. Sijasahau. Huyu wa tumboni anakuja Mei. Nataka akija, wewe uwe ndani, umenipikia uji. Tukijenga jikoni, utalala huko?

Kabiru anasema akiwa msichana ataitwa Nangila, kwa sababu kwao wa pili anachukua jina la mama ya mke.

Mwanao, Nasimiyu


Lugulu
11 Februari 2024

Nasimiyu mwanangu,

Barua imefika. Dinah ameileta kutoka soko la huko kwenu, chini ya avokado zake, imelowa kidogo lakini nimesoma. Mimi mzima. Goti linalia mvua ikikaribia. Ng'ombe bado, anatutazama tu.

Hiyo ya kandambili usishangae, wewe ulipika kofia ya baba yako.

Jikoni nitalala. Jikoni ni kwa wanawake. Lakini nisikilize vizuri: mlango wake ufungukie nje, nyuma. Nisipite penye kitanda chenu nikienda choo wala nikileta kuni. Mkwe wangu akirudi, akohoe mbele huko, nami nitajua yupo. Hivyo tutaishi.

Gharama muiangalie. Makokha wa hapa alianza jiko kama hilo, mpaka leo kuku wanalala ndani na mvua inawanyeshea.

Na hilo jina. Sisi jina tunachukua kwa waliotangulia. Nangila bado anatembea kwa miguu yake, mwambie bwana yako asiwe na haraka na mimi.

Mama yako


Matisi, Kitale
9 Machi 2024

Mama mpendwa,

Wamboi amelala, kwa hivyo nina mikono. Natumaini goti limekuachilia. Mimi miguu imevimba lakini daktari anasema ni kawaida.

Msingi umeshachimbwa, ukuta umefika kiunoni. Mama, sikujua kitu kidogo kinaweza kula hivi. Fundi wetu anaitwa Kibiwott. Kila asubuhi anakuja na bei mpya kama mtu analeta habari za msiba. Nikamwambia, "Si ulisema simiti itatosha?" Akanijibu, "Mama Wamboi, mimi nilisema. Simiti haikusema."

Kila jioni Kabiru anakaa na kalamu anakata kitu. Alianza na dari. Halafu dirisha la pili. Halafu sakafu laini, ati tutaweka baadaye. Usingizi sina. Nikisikia upepo nawaza mchanga unaenda kwa jirani. Waithera naye anasimama na chai yake anatazama, anasema, "Wengine wanapika, wengine wanajenga hoteli." Na ni yeye moshi utamwondokea.

Nimemwambia Kabiru akate chochote lakini mlango wa nyuma asiguse. Amesema sawa. Sababu sikumwambia, nilishikwa na haya. Lakini anajua. Si wazee wake waliambiwa mambo yetu siku ya mahari?

Mwanao, Nasimiyu


Lugulu
17 Machi 2024

Nasimiyu,

Ng'ombe amezaa, dume. Goti liko vile vile.

Wazee wake siku ile walikuwa wanatazama nyama. Mimi nilikuwa hapo jikoni nachungulia. Hakuna aliyesikia neno. Kama hujamwambia kwa mdomo wako, basi hajui.

Nimeshona shuka ya mtoto. Nimetengeneza na mkeka wangu, nitakuja nao.

Mama


Matisi, Kitale
6 Aprili 2024

Mama,

Sijui niandike vipi. Niko mzima, mtoto anacheza tumboni, hiyo usiogope.

Alhamisi nilienda kliniki, foleni ikanichelewesha. Kurudi, napata Kabiru amesimama mbele anacheka peke yake. Akanifunika macho na mikono yenye unga, akanisukuma pole pole mpaka jikoni. Kufungua macho, nikaona sinki. Sinki ya kweli Mama, ya bati la kung'aa, naona uso wangu ndani. Maji bado hayajavutwa lakini Wamboi alikuwa ameshaketi humo na wanasesere wake. Nilifurahi, sitakudanganya. Nikaishika. Halafu nikageuka kutafuta mlango.

Pale pa mlango pamejengwa. Tofali mpaka juu. Mlango pekee ni ule unaotoka chumbani kwetu, hapo pembeni ya kitanda.

Nikamuuliza mlango wangu uko wapi. Akasema, "Najua nilikubali, lakini fremu, mbao, kitasa, bawaba, yote hiyo ya nini na mlango wa mbele tunao? Wa nyuma ni wa mwizi. Ile pesa ndiyo hii sinki." Na macho yake yananingoja niseme asante.

Nikasema asante. Nilienda kulia kwa choo.

Ukuta umeshakauka. Nifanye nini?

Nasimiyu


Lugulu
14 Aprili 2024

Mwanangu,

Usilie kwa choo, kuna baridi.

Usimwambie. Amekununulia kitu kizuri kwa moyo mzuri. Sasa umrudishe nyuma ati mama yangu anataka mlango? Mama mkwe ni nani wa kubomoa ukuta wa mtu? Nitaonekana aje na huo mkeka wangu?

Nitamtuma Viola wa shangazi yako, anajua kupika uji na kukukanda kwa maji moto. Mimi nitamwona mtoto mkija huku Desemba.

Hayo yameisha. Osha vyombo kwa sinki yako.

Mama yako


Matisi, Kitale
21 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Nisamehe, nimemwambia.

Natumaini unasoma ukiwa umekaa na goti halikusumbui. Sisi wote wazima. Wamboi ana mafua kidogo.

Ilikuwa Jumatano tukila. Siku nyingi nilikuwa napita sinki bila kuitazama, na yeye anauliza, "Sinki hukupenda?" Nikasema, "Mama hawezi kuja." Nikaeleza yote, mkwe na kitanda na kupita na kukohoa, bila kumtazama. Tonge la ugali likabaki mkononi mwake.

Akasema, "Ndiyo maana alikaa mvuani?"

Nikasema ndiyo.

"Nasimiyu, mimi nilidhani hanipendi. Nilidhani ni kwa sababu mimi si wa kwenu. Mwaka mzima nimebeba hiyo kitu."

Mama, hata mimi sikujua ameibeba. Akauliza, "Kwa hivyo ile ilikuwa heshima? Kwangu mimi?" Nikamwambia ilikuwa kwake. Akala lile tonge, akaomba lingine.

Kesho yake alikwenda kwa Kibiwott, akamwambia, "Toboa pale ulipoziba." Kibiwott akacheka, ati kujenga ni bei moja na kubomoa ni bei ingine na aibu yake Kabiru ni bure. Sinki ikarudi dukani. Mwenye duka akaikataa kwanza, kwa sababu Wamboi alikuwa ameichora na msumari. Mwisho akaichukua, akatoa mlango wa mbao usiopakwa rangi na fremu imepinda kidogo. Wamboi alilia akifuata ile sinki mpaka barabarani. Nami nilimwita tu arudi, sauti yangu pia haikuwa nzuri.

Naosha vyombo kwa karai tena. Lakini mlango uko, Mama. Unafungukia nje, nyuma kabisa. Kuufikia usipitie mbele ya ploti. Shuka kando ya ua wa Waithera, zunguka kwa mahindi. Njia bado haijakatwa, utalowa miguu. Kabiru ameshaanza kufanya mazoezi ya kukohoa. Waithera amemletea dawa.

Sasa utakuja?

Mwanao, Nasimiyu


Matisi, Kitale
7 Mei 2024

Mama mpendwa,

Wamboi sasa hivi amemwaga maji yote ya karai, akaketi ndani, anajiita samaki. Sina nguvu ya kuinama kumtoa, kwa hivyo nakusalimu yeye akiogelea. Hujambo huko? Mvua imekuwa nyingi, nasikia daraja lenu linasumbua.

Hujajibu. Nilimuuliza Dinah kama barua ilifika, akasema alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja ukaitia kifuani, ukamuuliza tu bei ya avokado. Nimewaza hayo maneno yake kila siku. Umekasirika kwamba nilimwambia? Au ni goti? Hata kama huji, andika neno moja tu, nijue. Viola pia hajafika.

Mgongo umeanza kuniuma tangu asubuhi, unakuja unaenda. Kabiru yuko kinuni, nimemtuma mtoto wa jirani akamwite. Usihofu. Uji niliukoroga mwenyewe jana nikauacha umechacha, na jikoni nimefagia, kona ya mkeka nimeiacha wazi kama

Mama, ngoja, kuna mtu anabisha. Si mbele, ni huku nyuma. Waithera hajawahi kubisha maishani mwake, na watu wa ploti wote hupita mbele. Huu mlango hakuna mtu mwingine niliyemwelekeza njia yake ila