Yai la Kitanda cha Nane

Wodi ya Watoto,
Kitanda cha Saba,
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Habari za huko? Magoti yameacha kukusumbua? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tunapumua, tunashukuru. Kidoti wako anakusalimu. Nywele zimekwisha zote ila mdomo ni ule ule. Jana kamwambia daktari kwamba sasa wamefanana kipara.

Nilikuwa kimya wiki tatu kwa hasira. Unajua huku kila Jumatatu watoto wa saratani wanapimwa uzito, na aliyepungua hapewi dawa mpaka aongezeke, maana mwili hautaihimili. Kidoti alirudishwa mara mbili. Mwenzake wa kitanda cha nane alirudishwa mara nne.

Kila mtoto hapa ana yai lake moja kwa siku na kikombe cha maziwa. Mayai tulikuwa tunayasikia tu, na maziwa yalikuwa maji matupu. Na funguo za stoo anashika nani? Wifi yetu, mke wa kaka! Yule yule aliyekuja kumshika Kidoti shavu akisema, "Maskini, hali, mama yake anamdekeza." Ningemrarua, Dada. Nikajikaza.

Mayai yalipoletwa, nikajitolea kuyapanga kwenye trei. Nikachovya pamba kwenye ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto vidonda vya mdomoni, nikaandika namba ya kitanda chini ya kila yai. Dawa ile haitoki hata ukiichemsha. Waulize mashuka yetu. Wifi alipoyapokea stoo, kwa haraka zake hakugeuza hata moja.

Kesho yake nikamwomba muuguzi mkuu anisindikize getini kwa muuza mayai ya kuchemsha. Akachukua moja, akaligeuza: saba. La pili: tatu. La tatu: nane. Muuzaji akasema bila kuulizwa, "Haya naletewa na mama wa stoo." Siku za mwizi arobaini, na zake nilizimaliza mimi. Nilicheka mpaka watu wakageuka.

Amesimamishwa kazi, na ushahidi wangu nimeuandika kurasa mbili. Sasa akina mama tunapika kwa zamu: uji mzito wa karanga za kusaga, umechanganywa na yai, laini, usiochoma vidonda. Jana Kidoti kaongezeka nusu kilo. Leo asubuhi kawekewa dripu ya dawa.

Kaka atakupigia simu unilainishe nifute ushahidi. Kaniambia ndugu hawashtakiani, tuyamalize nyumbani. Nikamuuliza nyumbani wapi, mimi kwangu ni kitanda cha saba. Tafadhali, usinibembeleze.

Wifi mwenyewe alikuja Jumapili na trei nzima ya mayai, machozi tele. Mayai nikapokea, watoto wakala. Msamaha hakupata. Nikamshika mkono nikampeleka kitanda cha nane, shuka limekunjwa. Alikuwa na miaka mitano na kilo kumi na moja, tumemzika Alhamisi. Nikamwambia ushahidi nitaufuta siku mwenye kitanda hiki atakapokula yai lake.

Nisalimie Shemeji, mkwe wako na wale mapacha. Waambie wamalize sahani zao. Mungu akutunze, na mezani kwako pasikose kitu.

Wako akupendaye, na asiyesahau,
Mama Kidoti