Mama Ameibariki Kamera kwa Maji

Mpendwa Baba Tumaini,

Amani ya Bwana nakuachia mwenyewe, maana uko karibu nayo kuliko mimi. Huku tunaiomba kila asubuhi na kuitumia yote kabla jua halijazama.

Nina jambo, ndiyo maana nimeketi kukuandikia. Nimepata nafasi ya kwenda Pangani, pwani kule, kwenye mafunzo ya wapiga picha za safari. Ni Tumaini aliyenitafutia. Alichukua ile picha niliyopiga ya ubatizo ziwani, akaituma kwa simu bila kuniambia. Wiki iliyofuata akaja anacheka peke yake: "Mama, funga mzigo. Wamekukubali."

Unaikumbuka bahari yetu ya ukutani? Ile uliyochora mwenyewe pale studio Igogo, na minazi yake iliyopinda kama wazee wanaosikiliza umbea. Mtu anatoka nyumbani ziwa liko nyuma ya choo chake, mikono bado inanuka dagaa, anakuja kwetu anataka apigwe akiwa baharini! Nawe unamwelekeza, "Sogea kulia dada, mnazi usikuote kichwani." Jioni tukifagia nilikuuliza, "Hivi kweli bahari iko hivi?" Ukanijibu, "Tutaenda uone." Nilikuuliza tena Tumaini alipoanza shule, na tena alipomaliza. "Tutaenda tu, mama. Subiri kazi zipungue." Kazi hazikupungua, mume wangu. Ukapungua wewe.

Basi nikaanza kujiandaa. Waandaaji wametuonya kwamba hewa ya kule ina chumvi, inakula vyuma, kila mtu aje na kitu cha kufunikia kamera. Nami nikaifunga kwenye karatasi ya mkate. Tumaini akaitazama. "Mama, hiyo ni kamera au boflo?" Nikamwambia aniache, Mungu haangalii mfuko. Nikatafuta kofia, nikafuta betri kwa kitambaa kikavu ulivyonifundisha, nikapunguza nguo begini mara mbili. Yote yakawa tayari, isipokuwa moja. Sikuwa nimemuaga mama yako.

Unajua mwenyewe. Tangu uondoke, mama anaiita "kamera ya mwanangu". Nimepiga nayo harusi na misiba, imenilipia chakula, lakini kwake mimi naishika tu kwa niaba. Nikasema moyoni, akikataa siendi. Siwezi kuondoka na chombo chako huku mzazi wako amenuna.

Nikavuka ziwa kwenda kwake Sengerema. Nikamkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kamera ya mwanangu iko wapi?"

"Ninayo hapa shingoni, mama. Nimekuja kuaga."

"Mjane anaaga kwenda wapi?"

"Pangani. Baharini. Naenda kujifunza kupiga picha."

"Kwani hujui? Si ulipiga harusi ya mjukuu wangu, watu wote wakatoka na vichwa vyao?" Akaendelea kupepeta. "Na mwanangu angesemaje?"

Hapo nikaitazama kamera yako, Baba Tumaini. Akaweka ungo chini.

"Mimi nitakuambia," akasema. "Angekuambia subiri. Huyo mwanangu alikuwa mwoga wa safari tangu tumboni, hata kutoka alichelewa." Akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. "Sasa umesubiri vya kutosha. Piga magoti."

Nikapiga. Akaagiza maji kwenye kikombe cha bati, akajaza mdomo, akanipulizia kichwani na mabegani kama walivyobariki wazee wa kwao. Nami nikawa naitikia amina, maana anayebariki ni Mungu mmoja, hata kama mchungaji wetu angenikazia jicho. Kabla sijafumbua macho nikasikia, "Na hiki nacho!" Pfuu! Mdomo mzima, juu ya lenzi.

"Mama! Kamera!"

"Kamera imefanyaje? Unambariki mkulima halafu unaliacha jembe?"

Nikabonyeza, kimya. Nikatoa betri, nikafuta, nikabonyeza tena. Kimya. Nimeilinda na chumvi ya bahari ambayo sijaiona, kumbe maji yananingoja Sengerema! Machozi yakanitoka, nikasema basi, Bwana amekataa. Mama akainuka. Akauchukua mchele wake aliokuwa anaupepeta, akaumimina kwenye sufuria, akaniambia niifukie humo kama vijana wanavyofanya na simu zao. Usiku tukala ugali. Mama akaketi karibu na sufuria ile kama mtu anayelinda mgonjwa, na mara nikamsikia anaomba chini chini. Hakulitaja jina lako, Baba Tumaini. Alikuwa anataja langu.

Asubuhi nikaifukua, nikapuliza vumbi la mchele, nikabonyeza. Ikawaka. Mama akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia uani kuuliza kuna nini.

"Mkwe wangu anasafiri," akamjibu. "Anakwenda kazini na kamera yake."

Na mimi nilisikia, nikajifanya natafuta kiatu.

Kesho alfajiri napanda basi. Tumaini ameshalala, begi liko mlangoni, nimeomba, nimebaki na kalamu hii. Sitakudanganya, naogopa. Watakuwepo vijana wenye mashine kubwa wanaojua maneno ya kitaalamu, nami nitakaa mbele niwasikilize. Pia nitakapoiona hiyo bahari nitageuka kukuonyesha, najua, na hutakuwepo. Nimejiandaa kwa hilo pia, kadiri mtu anavyoweza.

Nilipoanza barua hii nilidhani nakuomba ruhusa. Nimeisoma tangu juu, naona nimekuaga.

Pumzika kwa Bwana, mume wangu. Mimi natoka kidogo.

Mkeo akupendaye,
Mama Tumaini